Meza ya Dirishani kwa MamTolo

Nozibele alikuwa na Jumamosi moja tu ya kuchagua mkahawa. Binti yake Yolisa angepewa shahada ya upimaji ardhi Ijumaa inayofuata, na Jumatatu apande basi kwenda kuanza kazi Upington, mbali huko ambako hata mvua haiji mpaka ibembelezwe. Kwa hiyo chakula cha jioni cha kumpongeza kilikuwa Ijumaa hiyo au hakipo. Mtoto wa kwanza katika ukoo mzima kuvaa joho, aje kulishwa jikoni kwa mama yake kama siku zote? Nozibele alisema hapana, na yeye akishasema hapana huwa amemaliza.

Angeweza kuuliza majirani ni mkahawa gani wa hapa Mthatha wenye nyama laini. Hakumuuliza mtu. Alikuwa amefundisha watu kuendesha gari kwa miaka kumi na tisa, na kazi hiyo ilimfunza kwamba dereva hajulikani kwa maneno yake. Anajulikana siku ng'ombe anapokatiza barabara. Basi akaamua yeye mwenyewe awe ng'ombe. Alishuka mjini saa nne asubuhi na gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani na shali nyeusi iliyobanwa kwa pini kifuani, mavazi aliyoyavaa kwa miezi tisa tangu mumewe azikwe, na yaliyobakiza miezi mitatu.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa ndani ya hoteli yenye milango ya kioo. Msichana wa mlangoni alimtabasamia vizuri sana. Alichukua orodha ya vyakula, akamwongoza kupita meza tupu, na nyingine tupu, na nyingine tena, mpaka nyuma ya nguzo, pembeni mwa mlango wa choo.

"Hapa utapata utulivu, mama."

"Zile meza tulizopita zina nini?"

"Hazina kitu, mama."

"Nimeona hazina kitu. Ndiyo maana nauliza."

Msichana akaangalia viatu vyake. Nozibele hakumgombeza, maana tabasamu lile lilikuwa la kufundishwa na aliyelifundisha hakuwepo. Alimshukuru akatoka. Angekuwa mwanafunzi wake, angemwambia azime gari washuke.

Mkahawa wa pili ulikuwa wa nyama choma. Mwenyewe alitoka na aproni yake, mwanamume mnene mwenye haya, akasema pole mara tatu: pole kwa msiba, pole kwa kusimamishwa mlangoni, pole kwa kuwa meza zote zimechukuliwa. Ndani walikuwa wameketi watu wanne.

"Unajua tena, mama, wapo wateja wanaokuja na watoto wachanga," alisema. "Nitakufungia nyama uende nayo nyumbani. Bure kabisa."

"Wape hao waliochukua meza. Naona wamekonda mpaka hawaonekani."

Alikuwa akitania, lakini alitoka nje amekasirika. Sheria za ujane alizijua kuliko wote wawili. Mjane avae nyeusi mwaka mzima, akae nyuma ya mlango, asishikane mikono na watu, asisimame kusema mbele yao, na jua linapozama awe ndani kwake. Wanaoamini wanasema ana giza linaloambukiza. Nusu ya wanafunzi wake walikuwa wamehama, wakihofia gari lingepinduka na mwanamke aliyevaa nyeusi tititi kando ya usukani. Wanne waliobaki walifaulu mtihani wote kwa mara ya kwanza, jambo ambalo hakuna aliyelitangaza mtaani.

Na nguo yenyewe hakuna aliyemlazimisha. Siku ya mazishi, wanawake wa upande wa mume walimwambia kwamba mjini siku hizi inatosha kushona kipande cha kitambaa cheusi kwenye mkono wa blauzi, watu wanafanya kazi, Mungu anaelewa. Nozibele alikirudisha kipande kile. "Gcina hakuwa mume wa kipande," aliwaambia. Alitaka nyeusi nzima, kuanzia utosini mpaka kifundo cha mguu. Kuvaa alikubali kwa moyo mmoja. Kufichwa hakukubali, na hakuona kwa nini hayo mawili yafungwe kwenye fundo moja.

Mkahawa wa tatu ulikuwa mtaa wa Ngangelizwe, nyumba ya matofali yenye rangi ya kijani, vyumba viwili vilivyovunjwa ukuta vikawa kimoja. Hapakuwa na mtu wa kutabasamu mlangoni. Mwenye mkahawa, MamTolo, alitoka jikoni na mwiko wake, mwanamke aliyekaribia sabini, akamtazama Nozibele kuanzia kitambaa mpaka viatu, kisha akakunja uso.

"Nani?"

"Mume wangu."

"Lini?"

"Agosti."

"Haya. Unataka nini?"

"Meza ya watu kumi na wawili, Ijumaa saa kumi alasiri. Binti yangu amepata shahada. Na kiti cha mwenye shughuli nitakikalia mimi, nikiwa hivi hivi unavyoniona."

MamTolo alifuta mwiko kwenye aproni.

"Nitakwambia ukweli, dada. Hiyo nguo naiogopa. Niliivaa mwaka mzima, na mpaka leo nikiiona navuka barabara."

"Niondoke?"

"Nimesema naiogopa, sijasema uondoke. Watakaokimbia Ijumaa na wakimbie, chakula chao tutakula wenyewe. Unataka katikati au dirishani?"

"Dirishani. Wapita njia waone."

"Makubwa," alisema MamTolo. "Kondoo au ng'ombe?"

Nozibele akachagua kondoo, utumbo, makande na mkate wa mvuke, halafu kwa mara ya kwanza asubuhi ile akavuta kiti akaketi. Mmoja alimtabasamia, mwingine akampa pole, na wote wakamfukuza. Huyu alimnunia akampa dirisha, na hata chai akamletea bila kuulizwa. Ilikuwa tamu mno, akainywa yote.

Nyumbani alimkuta Yolisa anapiga joho pasi. Msichana alisikiliza habari za MamTolo mpaka mwisho, akapitisha pasi mahali palepale mara tatu.

"Mama, nikuombe kitu usikasirike."

"Ukiniambia nisikasirike huwa nimeshaanza."

"Ijumaa, kwa yale masaa mawili tu, uvae lile gauni la kijani. Baba mwenyewe alilipenda. Tukirudi unavaa nyeusi yako. Nani atajua?"

"Unanionea aibu?"

Yolisa aligeuza joho upande wa pili, akalinyoosha.

"Wenzangu watakuja na wazazi wao," alisema mwishowe. "Watakuwa wanakutazama wewe. Hakuna atakayenitazama mimi."

Nozibele aliumia, na hakuficha kwamba ameumia. Alikaa kwenye mkeka wake wa ujane, akakunja miguu. Mumewe alifanya kazi ya barabara miaka ishirini na sita. Yeye ndiye aliyekuwa akishika ile fimbo ndefu ya vipimo, amesimama juani, huku wapimaji wakimtazama kwa darubini toka mbali na kumpungia mkono asogee kushoto, asogee kulia. Hata siku moja hakuambiwa, njoo nawe uchungulie. Ndipo akaapa kwamba mtoto wake atachungulia.

"Wakinitazama mimi watamwona baba yako," alimwambia Yolisa. "Sasa hivi hana njia nyingine ya kuja. Nikivua hii, tutakuwa tumemwacha getini."

Yolisa alichomoa pasi. Hakusema amekubali.

Jumapili baada ya kanisa akaja Zwelakhe, kaka mkubwa wa marehemu, na fimbo yake na kofia yake. Habari zilikuwa zimemfikia kabla chai haijapoa kwa MamTolo. Alipewa kiti, Nozibele alibaki mkekani, kama inavyopasa.

"Shemeji, nasikia una karamu."

"Chakula tu, shemeji. Chakula cha mtoto wa ndugu yako. Na wewe ndiye utakayemtajia majina."

Hilo lilikuwa ombi la Yolisa mwenyewe, na lilikuwa zito. Mtoto wa akina Gcina akipata heshima, mwanamume wa nyumba husimama akataja sifa za ukoo, kisha baba, na baba wa baba, akirudi nyuma mmoja mmoja mpaka wa kwanza, na mtoto huondoka amesimamishwa juu ya mabega yao wote. Mthatha nzima hakuna aliyeifanya kazi hiyo kama Zwelakhe. Sauti yake ikipanda, hata mbwa hutulia. Mke aliyeolewa hayatamki majina hayo kamwe. Kwa miaka ishirini na minne Nozibele alikuwa hajawahi kulitamka jina la baba mkwe wake wala la yeyote aliyemtangulia, na hata mumewe alimwita Gcina, jina la ukoo, mchana na usiku.

"Nitakuja," alisema Zwelakhe, "ila wewe ubaki nyumbani. Mjane hakai mezani na watu, hasemi mbele za watu, na jua likizama yuko ndani. Haya sikuyatunga mimi."

"Yolisa anaondoka Jumatatu."

"Apongezwe bila wewe."

"Baba hayupo, mama asiwepo. Apongezwe na viti?"

"Usinichezee maneno, shemeji. Nakwambia mbele ya huyu mtoto: ukiikalia meza ile, Agosti usitutegemee. Hatutakuja kukuvua."

Hakupaza sauti. Alichukua kofia yake akaenda, na chai yake akaiacha kama ilivyomiminwa.

Mjane hajivui. Nyumba ya mume ndiyo inayokuja siku ya kutimia mwaka, ikamwosha, ikachoma zile nguo, ikamvisha mpya, akarudi kuwa mtu miongoni mwa watu. Wasipokuja, hakuna wa kuja badala yao. Ataamkiwa kwa mbali mpaka uzee, kanisani atakaa kiti cha nyuma, wanafunzi hawatarudi, na siku yake ikifika atazikwa na giza lake. Nozibele aliipenda nguo ile kwa mwaka mmoja. Kuivaa maisha yote aliogopa, aliogopa sana, na alikuwa ameanza kuhesabu wiki. Tena Zwelakhe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Kaburi la ndugu yake alilichimba kwa mikono yake akakataa kupokezana sepetu na mtu. Mtu mbaya unamtukana ukalala. Huyu ulilazimika kumfikiria.

Jumatano gari lilimzimikia katikati ya makutano, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani, na mwanafunzi wake akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, umesahau klachi." Hakuwahi kusahau klachi tangu ajifunze kuendesha. Malori yakampigia honi pande zote. Akakaa pale, mikono kwenye usukani, akajiuliza kama kweli meza moja ina thamani ya kuvaa nyeusi mpaka kufa. Kisha akajiuliza atamwambia nini mtoto wake siku akiitwa mkutanoni huko Upington akaonyeshwa kiti cha nyuma ya nguzo. Akawasha gari.

Ijumaa saa kumi alasiri alikuwa dirishani kwa MamTolo, kwenye kiti cha mwenye shughuli, shali imebanwa sawasawa. Mezani kulikuwa na wenzake Yolisa watatu na wazazi wao. Mume na mke fulani kati ya wazazi hao walipoingia na kuiona nguo ile walisita, wakasema kumbe wana dharura. MamTolo alinyanyua sahani zao mbili bila neno, akazirudisha jikoni, na baadaye alionekana mlangoni mwa jiko akitafuna. Waliobaki walikula, mwanzoni kwa woga, halafu kwa njaa, maana kondoo yule alikuwa amepikwa na mtu anayejua anachofanya. Yolisa alikuwa na joho lake, amekaa wima, akimtazama mama yake kwa pembe ya jicho kila mlango ulipofunguliwa.

Jua lilipogusa vilima, mlango ukafunguliwa akasimama Zwelakhe. Hakuvuka kizingiti.

"Shemeji, jua linazama. Gari liko nje."

"Naliona jua. Dirisha ni kubwa."

"Nimekuja kukurudisha kabla hujajiharibia."

"Umekuja kwa wakati. Mtoto hajatajiwa majina. Ingia umtajie, halafu ule."

"Siwezi kuwaita baba zangu mbele ya nguo nyeusi iliyokaa kiti kikubwa. Inuka tuondoke. Au umesahau nilichokwambia?"

"Sijasahau hata neno. Wiki nzima sijalala kwa ajili yake." Nozibele aliinuka, lakini hakuelekea mlangoni. "Umesema hamtanivua, maana yake niivae mpaka kaburini. Sawa, nitaivaa. Niliivaa kwa kupenda, siwezi kutishwa nayo. Ila mtoto wa Gcina hatatoka hapa bila majina yake. Usipoyasema wewe, nitayasema mimi."

Mama mmoja mezani alifunika mdomo. Yolisa akanong'ona, "Mama, acha." Nozibele hakuacha. Alishika ukingo wa meza.

"Huyu ni Yolisa," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyotaka. "Ni Gcina. Ni Xhamela. Ni Tyhopho." Sifa za ukoo zikaishia hapo. "Baba yake," na hapo akakaza mikono mezani, kwa sababu jina lile alikuwa hajawahi kulitoa kinywani, hata kitandani, hata kaburini. "Baba yake ni Mzwabantu."

Yolisa akasimama. Joho lilikwama kwenye kiti, akalivuta, akaenda kusimama kando ya mama yake, akamshika mkono, mbele ya watu wote, mkono wa mjane usioshikwa. Nozibele akapata pumzi.

"Mzwabantu wa Ndabambi. Ndabambi wa Sigidi. Sigidi wa Vapi, na Vapi wa..."

"Nani?" Zwelakhe aliuliza toka mlangoni.

"Sigidi wa Vapi."

"Sigidi hakuzaliwa na Vapi. Vapi ndiye mwana wa Sigidi. Unamfanya baba azaliwe na mwanawe?"

"Ndabambi ni wa nani, basi?"

"Wa Vapi. Ndabambi wa Vapi, Vapi wa Sigidi. Mtoto mdogo analijua hilo."

"Mtoto mdogo anaruhusiwa kulisema," alijibu Nozibele. "Mimi miaka ishirini na minne nimefunga mdomo, nitaujulia wapi mpangilio wake? Nimesikia tu. Sigidi ni wa nani?"

Zwelakhe alifungua kinywa kumjibu, ndipo akaona kwamba amekwisha vuka kizingiti, tena hatua tatu nzima, na fimbo yake imeelekezwa mezani. Angeweza kurudi nyuma. Lakini angewaacha baba zake wamevurugwa mbele ya wageni na mpishi, mwana juu ya baba, na mtoto wa ndugu yake amesimama katikati na joho lake, akingoja. Hilo lilimshinda. Akavua kofia.

Akaanza upya, toka kwa Gcina, na sauti ile ikapanda mpaka watu wa barabarani wakasimama dirishani. Hakuruka mtu. Alipofika kwa Mzwabantu sauti ilikatika, akajikohoza, akalitaja mara ya pili kwa nguvu zaidi, kisha akamtaja Yolisa, mpimaji ardhi. Msichana alilia bila kujifuta, maana mkono mmoja ulikuwa na mama yake na mwingine hakuukumbuka. Alipomaliza, jua lilikuwa limekwenda zamani, na hakuna aliyelitazama.

MamTolo alileta sahani akaiweka mahali palipoachwa wazi na wale wenye dharura. Zwelakhe aliketi. Alikula kwa muda mrefu, utumbo kwanza halafu kondoo. Wenzake Yolisa walirudi kwenye mazungumzo na vicheko vyao, na Yolisa alikuwa anawasimulia kitu kuhusu darubini, akionyesha kwa mikono.

"Umenifanya niwaite baba zangu mbele ya nguo nyeusi," Zwelakhe alisema kwa sauti ya chini.

"Umewaita vizuri, shemeji. Ndugu yako amesikia."

Akatafuna. Akafuta vidole kimoja kimoja.

"Agosti tutakuja kukuvua. Wazee nitasema nao mimi."

Moyo wa Nozibele uliruka kwa furaha, tena aliona aibu jinsi ulivyoruka. Nje kulikuwa giza tupu, usiku wake wa kwanza nje ya nyumba kwa miezi tisa, na taa za magari zilikuwa zikipita kwenye kioo. Aliacha yapite mawili, matatu, mpaka alipokuwa na uhakika na sauti yake.

"Mtakuja nikiwaita," alisema, akamsogezea sahani ya mkate.